Chumba Kisicho na Mwenye Nyumba

Sena, Mfangano
3 Machi 2025

Kwako Mama,

Nakuamkia kwa heshima kutoka huku kisiwani. Mimi mkwe wako Zablon sijambo, baba na mama pia hawajambo, ila mzee goti limerudi kumsumbua na lawama zote ananitupia mimi. Upepo umevuma wiki mbili mfululizo, dagaa wa omena hakuna, na ile mashine ya barafu ninayoitunza ufuoni imekufa mara ya tatu mwaka huu. Wenye samaki wananiita majina ambayo siwezi kumwandikia mama mkwe. Natumaini mvua imeanza Kegonga na yule ng'ombe mweusi amezaa salama.

Najua si kawaida mkwe kumwandikia mama mkwe. Lakini kukupigia simu nimeona ni utovu wa adabu zaidi, na jambo lenyewe siwezi kulipitisha kwa mtu mwingine.

Liz amelazwa Homa Bay tangu Jumatatu iliyopita. Najua alikuambia ni uchunguzi tu. Si uchunguzi tu, Mama. Mimba ina miezi sita, presha imepanda, na daktari amesema hatoki hospitali mpaka ajifungue. Ameambiwa alalie ubavu wa kushoto, asishtuke, asiwaze. Haki, mtu aliyempoteza mtoto mwaka jana mimba ikiwa ya miezi saba, unamwambiaje asiwaze? Anatazama ukuta tu. Nikienda kumwona ananiuliza habari za mashine ya barafu, basi.

Kitu kilichokuwa kinamfurahisha ni mchezo wetu wa Jumamosi. Sijui kama aliwahi kukueleza. Ni mchezo wa kuigiza, unachezwa mezani. Mmoja ni msimulizi, na huyo siku zote ni Liz. Wengine kila mtu ana mhusika wake ndani ya hadithi, unasema mhusika wako anafanya nini, na penye hatari unarusha dadu. Namba kubwa umefaulu, namba ndogo umeumia. Hakuna mshindi. Tulikuwa wanne: Liz, mimi, Cliff ambaye sasa anafundisha Ndhiwa, na Mourine mwenye duka la vitabu Migori mjini.

Nimemwomba Liz turudie kwa simu, kila mtu pale alipo, tukionana kwa video. Amekubali kwa sharti moja, kwamba wewe uwe mchezaji wa tano. Alisema hivi: "Kusimulia nilifundishwa na mama. Mama asipokuwepo, sisimulii." Nilishangaa, maana tangu mwaka jana ninyi wawili mnaulizana habari ya mvua na kukata simu.

Kwa hiyo natafuta programu ya bure ya mkutano wa video. Nimepata moja ya bluu, ni rahisi. Mimi nitafungua mkutano, wewe utabonyeza, utasubiri kidogo mpaka nikukubalie, kisha unaingia. Ubaya wake ni kwamba hiyo bure yake ni ya dakika arobaini, baada ya hapo inatutoa sote nje.

Nasubiri jibu lako nikiwa na wasiwasi mwingi.

Mkweo,
Zablon


Kegonga
12 Machi 2025

Kwa mkwe wangu Zablon,

Salamu zimefika, na barua imefika ikinuka samaki. Huku tunashukuru Mungu. Mvua imeanza, nimepanda mahindi shamba la chini, la juu bado. Ng'ombe amezaa ndama dume. Sikuomba dume, lakini amekuja, tufanyeje? Mpe mzee pole ya goti, apakwe mafuta ya moto, aache kulalamika.

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne, tisa kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Mtoto akificha kitu namjua kabla hajafungua mdomo. Umeandika "presha imepanda", halafu mbio ukakimbilia mambo ya dadu. Imepanda kiasi gani? Niandikie namba.

Sasa huo mkutano wako. Umeandika, na hukuona haya, kwamba nitasubiri nje mpaka unikubalie niingie. Mimi Priscilla! Nisimame mlangoni pa mkwe wangu nikibisha hodi, na yeye huko ndani anaamua anifungulie au aniache? Ukiufungua mkutano wewe, ni boma lako hilo. Kwetu mama mkwe haingii boma la mkwe kabla wazee hawajamkaribisha, na hilo halijafanyika mpaka leo. Ni kwa sababu hiyo nilikosa hata mazishi ya mjukuu wangu. Leo niingie kwa simu kama mwizi? Na tukigeuza, nikaufungua mimi, wewe ndiye utakuwa umekuja kwangu. Utaketi wapi? Utanitazama uso kwa uso?

Halafu dakika arobaini. Kipindi kimoja cha darasa la tatu kilikuwa dakika thelathini na tano, na bado kengele ililia tukiwa tunaita majina.

Tafuta nyingine. Soma vizuri, sijakataa. Nimesema tafuta nyingine.

Mwambie Liz ale mayai.

Mama mkwe wako,
Priscilla


Sena, Mfangano
17 Machi 2025

Kwako Mama,

Naandika nikiwa nimepiga magoti, na si kwa sala.

Namba ulizotaka ni hizi: Jumamosi ilikuwa mia moja hamsini na nane juu ya mia moja na mbili. Daktari anataka ishuke. Liz anakula mayai, anakutumia salamu. Kwa kweli hakusema salamu, alisema tu "amejibu?", nami nimeihesabu kuwa salamu.

Sasa aibu yangu. Baada ya barua yako nilifikiria ile programu ya kijani, ambayo kila mtu anayo tayari kwenye simu. Haina kubisha hodi, haina dakika arobaini. Nikaunda kundi, nikaweka majina yetu matano. Jana adhuhuri nilitaka kujaribu na Cliff peke yake. Yawa, Mama, sikujua kwamba nikibonyeza pale inawaita wote kwa pamoja! Na wewe ukapokea. Na kamera ikafunguka yenyewe.

Sikuona kitu. Niliona paa. Niliona kalenda ya kanisa. Mama, siwezi kukudanganya, uliniambia unawajua wanaoficha. Nilikuona huna kitambaa kichwani, na ulikuwa unakula kiazi.

Simu ilinitoka mkononi ikaanguka ndani ya sanduku la barafu. Wavuvi walidhani nimepata habari ya msiba. Miaka sita nimeoa, sijawahi kukaa chumba kimoja na wewe ukiwa na kikombe cha chai, sembuse kiazi. Kundi nimelivunja. Kama kuna kitu cha kuleta ili mambo yatengenezwe, sema, nitaleta. Ila nakuomba usimwache Liz kwa kosa langu. Leo nilimweleza yaliyotokea, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alazwe, halafu akageukia ukuta akauliza, "Sasa atakataa, sivyo?"

Mkweo mwenye makosa,
Zablon


Kegonga
5 Aprili 2025

Kwa Zablon,

Nimekaa wiki karibu tatu bila kujibu. Usilaumu gari la vifurushi, ni mimi.

Huku wazima. Ndama anakunywa maziwa kupita kiasi. Mvua ya mawe ilipiga tumbaku ya majirani, mahindi yangu yakapona.

Kuhusu kile kiazi, sijamwambia mtu yeyote na sitaki uwaambie wazee wako. Leta leso mbili, za rangi ya heshima, uzipitishe kwa Mourine, na jambo liishe. Na kwa kuwa tunasema ukweli, mimi nami nilikuona na fulana yenye tundu kwapani. Mwambie mama yako aishone, maana mke wako amelazwa. Tusahau wote wawili.

Sasa sikiliza. Niliona nikikuachia wewe utafutaji huu, mtoto atazaliwa na kuanza shule. Nikapanda gari mpaka Migori, nikakaa nyuma ya kaunta ya Mourine kutwa nzima na simu mbili, yangu na yake, nikajaribu moja baada ya nyingine. Kuna moja ilitaka nijiandikishe, ikaniuliza tarehe ya kuzaliwa, ikanitumia namba za siri, nilipoziandika ikasema nimechelewa. Nikaitupa. Nyingine ilimaliza bando la siku nzima kwa robo saa. Kuna nyingine nzuri kabisa, sauti safi, lakini ina tabia moja mbaya: yeyote anayetoa sauti, uso wake unajaa kioo kizima. Nikakohoa, nikajiona nimejaa simu ya Mourine kama mgombea kwenye bango. Hebu fikiria wewe upige chafya halafu mimi nikupate mzima mzima mbele yangu. Hapana.

Mwisho Mourine akakumbuka moja ambayo haipakuliwi, inafunguka mahali pale pale unaposomea magazeti kwenye simu. Hakuna kujiandikisha. Unabuni jina la chumba, unaliandika, umeingia. Mwingine akiliandika, naye ameingia. Nikamuuliza Mourine mara tatu: mwenye chumba ni nani? Akasema hakuna. Anayetangulia si mwenyeji na anayefuata si mgeni. Nikamwambia hapo sasa ndipo watu wenye wakwe wanaweza kukutana.

Ubaya wake ni kwamba mtu yeyote akilibahatisha jina anaweza kuingia, kwa hiyo jina liwe gumu. Nimechagua "ndamadumehakuombwa2025". Asiyetujua hatalipata.

Wewe, Cliff na Mourine mtazima kamera, mbaki sauti, na bando litadumu. Mimi pia nitazima yangu. Liz peke yake aiwashe. Nataka nimwone yeye. Sijamwona mwaka mzima.

Mhusika wangu anaitwa Mogesi, ana miaka kumi na tisa, ana panga na hana adabu. Msinipe bibi kizee. Uzee ninao hapa nyumbani, unanitosha.

Jumamosi saa kumi. Msichelewe.

Priscilla


Sena, Mfangano
14 Aprili 2025

Kwako Mama,

Salamu nyingi. Mashine ya barafu inafanya kazi siku ya tisa leo, sijui nimeikosea nini. Leso Mourine amezipokea. Mzee amepakwa mafuta ya moto na analalamika kuhusu mafuta.

Mimi bado nina furaha ya Jumamosi. Wewe ulisikia upande wako, ngoja nikueleze upande wa wadi, jinsi nilivyoambiwa jana nilipokwenda. Liz alikuwa na mrija wa dawa mkononi, hakuweza kurusha dadu. Jirani yake wa kitanda, Shamima, mke wa mfanyabiashara wa nguo pale Mbita, akasema atamrushia. Mwanzoni Liz alivaa vile vya masikioni. Wenzake wa wadi wakaona midomo yake tu inacheza na Shamima anarusha dadu kwenye sahani ya bati, wakasema haiwezekani, toa hivyo vitu tusikie sote. Kwa hiyo ulipomwambia mhusika wangu, yule fundi wa vyuma, "Wewe mwanamume, mbona kila hatari unajificha nyuma ya mpishi?", wadi nzima ya wajawazito ilinicheka. Sista alikuja kuwanyamazisha, akabaki yeye mwenyewe mpaka kipindi cha mazimwi.

Sijui kama uliona, Mama. Mogesi na yule fundi waliongea mengi siku moja kuliko mimi na wewe tulivyoongea miaka sita. Waligombana, wakagawana mkate. Baada ya mchezo nilikaa kwenye ukuta wa gati nikiwa na furaha mpaka Cliff akanipigia kuuliza kama niko sawa.

Halafu pale mtoni. Liz alisema daraja limevunjika, kuna mashua ndogo, na ng'ambo mtoto analia. Akauliza, "Mogesi, unavuka?" Ukanyamaza. Sisi tulidhani mtandao umekatika. Kisha ukasema, "Mogesi anabaki." Hukutaka hata dadu irushwe. Liz akasema basi, tuishie hapo mpaka wiki ijayo.

Shamima ananiambia Liz alilia kidogo, halafu akala sahani yote, jambo ambalo halijatokea tangu alazwe. Presha jana ilikuwa mia moja arobaini na sita. Sijui mtoni kuna nini, na si mahali pangu kuuliza. Nasema tu kwamba Jumamosi atauliza tena.

Mkweo,
Zablon


Kegonga
22 Aprili 2025

Mkwe wangu,

Pasaka tumesherehekea vizuri, kwaya iliimba, mhubiri alichelewa. Mahindi yananifika gotini.

Jumamosi nilimtumia Mourine ujumbe kwamba stima imepotea na simu haina chaji. Stima ilikuwepo. Nilikaa na simu mkononi, chumba kimefunguka, nawasikia wote mnaniita, nami nimezima kila kitu changu. Nilimwona Liz akingoja. Alingoja dakika kumi na mbili kabla hajaanza.

Nitakuambia wewe kwa sababu siwezi kukuona unavyonitazama ukisoma.

Mwaka jana mtoto alipofariki, niliondoka hapa saa kumi na moja asubuhi. Mila haikunizuia. Wazee wetu waliniambia naweza kuja, nikae nje ya lango, nilie na mwanangu pale nje, hakuna ubaya. Nikafika Mbita kabla ya saa sita. Nikaiona ile mashua. Nikaona ziwa lilivyokuwa siku ile, na watu wanaingia wakicheka kana kwamba wanapanda ngazi ya kanisa. Miguu yangu ikakataa. Mimi sijawahi kupanda chombo cha maji maishani mwangu, Zablon. Nilikaa kwenye gati. Mashua ya kwanza ikaondoka, ya pili ikaondoka, ya tatu ikaondoka. Nilikuwa na ndizi za Liz kwenye kikapu. Saa kumi na moja jioni nikapanda gari nikarudi.

Liz aliponipigia kuniuliza mbona sikuja, nikasema ni mila. Neno lilitoka tu. Mwalimu mkuu mzima, nimechapa watoto kwa kusema uongo, nikamdanganya mwanangu siku aliyomzika mwanawe. Na kwa kuwa nilisema mila, sikuweza kurudi nyuma, nikaishikilia mila hiyo mpaka nikaibeba kwenye programu zako za bluu na kijani.

Hata Homa Bay sijaja kumwona si kwa sababu ya mila wala mahindi. Naogopa atageukia ukuta.

Usimwambie. Nikipata namna, nitamwambia mwenyewe.

Priscilla


Homa Bay
28 Aprili 2025

Mama,

Salamu leo ni fupi. Barua hii anaileta Mourine mwenyewe mpaka mkononi mwako, alikuja kumwona Liz na anarudi leo.

Sikumwambia. Naapa. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa shati langu, nimekaa karibu naye, naona kama inaniunguza. Ni yeye aliyeanza. Akaniuliza, "Unajua kwa nini Mogesi havuki?" Nikasema sijui, na uongo wangu wewe unaujua ulivyo.

Basi akaniambia. Wiki ile ya mazishi, nahodha wa mashua ya tatu alikuja kutoa pole. Akamweleza kwamba pale Mbita aliona mama mmoja wa kutoka kwenu, viatu vyeusi vya kamba kama vya mwalimu, kikapu cha ndizi, ameketi kutwa. Alimwita apande mara mbili, yule mama akatikisa kichwa. Liz amejua mwaka mzima, Mama. Alijua muda wote ulioshikilia jibu la mila. Maneno yake ni haya, nayaandika yalivyo: "Sijamkasirikia kwamba hakuvuka. Mtu anaweza kuogopa. Nimekasirika kwamba alinifanya nidhani hakutoka hata nyumbani, wakati alikaa pale siku nzima na ndizi zangu."

Ule mto aliutengeneza kwa ajili yako. Alitaka useme wewe mwenyewe.

Sasa la haraka. Presha imepanda tena mpaka mia moja sabini. Madaktari wamesema hawatangoja tena, watamfanyia upasuaji Jumatatu ijayo asubuhi, tarehe tano. Mtoto atakuwa na miezi minane hivi. Mimi ni fundi wa barafu, najua kuvumilia baridi, lakini hili naliogopa, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Yeye hajatamka jina lako, ila amepanga vitu vyake kwenye kabati la kitanda, akaacha nusu ya juu tupu. Nilimuuliza ni ya nani. Akalifunga kabati.

Kutoka Kegonga mpaka Homa Bay hakuna maji, Mama. Ni barabara tu.

Zablon


Homa Bay, hospitalini
5 Mei 2025, asubuhi

Zablon,

Niko benchi la ndani, karibu na mlango wa chumba cha upasuaji. Wewe uko benchi la nje, umenipa mgongo, na nakushukuru kwa hilo. Sista huyu mwema amekubali kukuletea karatasi hii.

Nilifika jana jioni, ukiwa umekwenda kutafuta damu ya akiba. Liz alikuwa ameangalia ukuta. Nikasema, "Niliogopa maji." Sikusalimu hata. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani, yote ikapotea nikabaki na maneno mawili tu. Akageuka. Akaniangalia sana. Kisha akacheka, akacheka mpaka ile mashine ya presha ikaanza kulia, na Shamima akanifokea kwamba nitamwua mwanangu. Halafu tukalia wote, Shamima naye, sijui yeye alilia nini. Nililala kwenye kiti, mkono wake ndani ya wangu.

Naandika ili nisitembee huku na huku. Wameingia naye muda mrefu sasa. Nimesikia kitu kama chuma kimeanguka. Nimesikia maji ya bomba. Hakuna kingine.

Bado.

Bado, Zablon. Nami naogopa kama wewe, ujue.

Mtoto amelia. Umesikia? Huyo analia! Hiyo ni sauti ya mtu mwenye hasira, si ya mgonjwa. Sista ametoka anasema ni msichana, kilo mbili na robo, na Liz amefungua macho na ameuliza habari zako. Usikae hapo kwenye benchi ukingoja adabu. Ingia umwone mkeo na mwanao. Mimi nimegeukia dirisha, sitageuka mpaka utoke. Kaa muda unaotaka.

P.


Sena, Mfangano
2 Juni 2025

Kwako Mama, bibi wa mwanetu,

Tunakusalimu sote. Shukrani kwa wiki tatu ulizokaa na Liz huko Homa Bay kwa dada wa Cliff. Tangu urudi Kegonga tarehe ishirini na sita kuchungulia mahindi, mtoto ameongeza robo kilo na amejifunza kutufokea. Daktari ameruhusu Liz arudi kisiwani wiki ijayo. Presha imetulia.

Jumamosi tulicheza tena, na nilifurahi Mogesi aliporusha dadu yake mwenyewe pale mtoni. Tano tu, akalowa mpaka kiunoni, lakini alifika. Liz hakukuonea huruma hata kidogo.

Sasa nina neno rasmi. Baba yangu na wazee wawili wa ukoo wetu wameketi. Wanakukaribisha nyumbani kwetu, kwa heshima zote, na watakuja Mbita wenyewe kukupokea. Mzee anakuja na goti lake. Nyumba utakayolala ni ya mama yangu, upande wa juu, na mimi nitapita njia ya chini siku zote utakazokuwa hapa. Chakula chako kitaletwa na wanawake. Hakuna atakayekuona ukila chochote.

Hatukulazimishi. Ukisema Homa Bay inatosha, tutamleta mtoto Homa Bay.

Mkweo,
Zablon


Kegonga
7 Juni 2025

Mkwe wangu,

Nimepokea neno la wazee na nimelikubali. Waambie nashukuru. Mahindi nimemwachia jirani, ndama nimemwachia huyo huyo, Mungu amsaidie.

Nitafika Mbita Jumatano asubuhi. Sitaki kwaya wala ngoma kwenye gati. Nataka jaketi la kuokoa maisha linalonitosha, mimi si mwembamba, usilete la mtoto wa shule. Liz aketi mbele yangu na mtoto, nipate kuwatazama wao badala ya yale maji. Nahodha awe yule aliyeniita mara mbili mwaka jana. Na mwambie mapema: tukifika katikati nikapiga kelele nikimwomba ageuze, asigeuze. Hata nikisema mimi ni mwalimu mkuu. Hata nikilia.

Tukishuka, wazee watanisamehe, lakini kabla ya chai na kabla ya maombi, Liz anipeleke kwanza alipolala yule mjukuu wangu wa kwanza. Nina ndizi zake.

Priscilla